Laini Moja, Masikio Mengi: Jinsi Sauti ya Intakomu ya Kiwandani Inavyosawazishwa

Intakomu ya kiwandani ni mtandao wa vituo vya kusemea vilivyofungwa ukutani na kwenye nguzo, kuanzia chumba cha udhibiti hadi juu ya boila, vyote vikitumia nyaya zilezile za sauti. Mtu hunyanyua mkono wa simu, hubonyeza kitufe, na neno lake hutoka kwenye spika za pembe kila kona ya kiwanda. Akiachia kitufe, huendelea kuongea taratibu na yule aliyemwitikia. Hakuna namba ya kupiga wala mlio wa kusubiri. Vituo vya kufua umeme, viwanda vya chuma, vya saruji na vya kusafisha mafuta vimeutegemea mfumo wa aina hii kwa miongo mingi. Mawimbi ya redio hukwama kwenye kuta za zege na vyuma, simu ya upepo huishiwa betri katikati ya zamu, na king'ora peke yake hakiwezi kueleza ni pampu ipi iliyopasuka.

Kazi ya mfumo huu ni nyepesi kuitaja na ngumu kuitimiza. Ukumbi wa mitambo mikubwa huweza kuwa na kelele ya desibeli 90 hadi 100, kiwango ambacho mtu hulazimika kuvaa vizibo vya masikio na kupiga kelele ili asikiwe na aliye hatua moja mbele yake. Ndani ya kelele hiyo mfanyakazi anatakiwa asikie si sauti tu, bali neno. Kwa Kiswahili, tofauti kati ya "funga vali" na "fungua vali" ni silabi moja fupi. Silabi hiyo ikimezwa na mvumo, amri imegeuka kinyume chake. Ndiyo maana ufungaji wa intakomu hauishii pale spika zinapotoa mlio. Huishia pale laini za sauti zinapokuwa zimepimwa na kusawazishwa, na hapo ndipo mifumo mingi huharibikiwa.

Mfumo unaofaa kuchukuliwa kuwa mfano ni ule uitwao Page/Party, wa kampuni ya GAI-Tronics ya jimbo la Pennsylvania nchini Marekani, ambao umeenea sana katika vituo vya umeme na viwanda vizito. Kila kituo kina amplifaya zake chenyewe: moja ya mkono wa simu na nyingine ya spika. Kwa hiyo hakuna mtambo mmoja mkubwa unaoendesha spika zote, tofauti na mifumo ya matangazo ya shule, stesheni na nyumba za ibada, ambamo amplifaya moja husukuma volti 100 kwenye spika zote na ikiungua eneo zima huwa kimya. Hapa kituo kimoja kikifa, vingine huendelea. Kebo moja huzunguka kiwanda ikibeba umeme wa kuendesha vituo, jozi moja ya nyaya kwa ajili ya matangazo, na jozi nyingine hadi tano kwa ajili ya mazungumzo. Msemaji hutangaza, "Fundi umeme, laini ya tatu," na fundi popote alipo huchukua mkono wa simu ulio karibu, hugeuza swichi hadi namba tatu, na wawili hao wakaongea huku laini ya matangazo ikibaki wazi kwa wengine.

Neno "kusawazisha" katika kazi hii lina maana mbili, na mafundi wanaozichanganya hupoteza siku nzima wakitafuta hitilafu isiyokuwepo. Maana ya kwanza ni usawa wa nyaya mbili za jozi moja mbele ya ardhi: waya wa kwanza na wa pili wafanane kwa kila hali. Maana ya pili ni mzigo wa laini: laini nzima, pamoja na vituo vyote, ionekane kwa amplifaya kama ukinzani mmoja unaojulikana. Usawa wa kwanza huondoa mvumo. Usawa wa pili hupanga ukubwa wa sauti. Laini inaweza kuwa na mmoja ikakosa mwingine.

Usawa wa nyaya mbili una historia ndefu kuliko intakomu yenyewe. Alexander Graham Bell alipopata hataza ya simu mwaka 1876, simu za mwanzo zilitumia waya mmoja tu juu ya nguzo, na mkondo ulirudi kupitia ardhini, kama telegrafu ilivyokuwa imezoea. Telegrafu haikujali, kwa kuwa ilihitaji tu kujua kama mkondo upo au haupo. Simu ilijali sana. Waya ule mmoja ulinasa kila kitu: telegrafu za jirani, radi za mbali, na baadaye tramu za umeme zilizojaza ardhi ya miji mikondo yao. Mwaka 1881 John J. Carty, kijana aliyefanya kazi ya simu huko Boston, alijaribu kutumia nyaya mbili kwa simu moja kati ya Boston na Providence, waya mmoja wa kwenda na mwingine wa kurudi, na kelele zikapungua mno. Mwaka huohuo Bell alipewa hataza ya kusokota nyaya mbili pamoja. Yote yanayofanyika leo ndani ya kebo ya intakomu yametokana na mambo hayo mawili.

Siri ya usawa huo iko katika hesabu ya kutoa. Amplifaya ya kupokea haisikilizi volti iliyopo kwenye waya mmoja. Husikiliza tofauti kati ya waya wa kwanza na wa pili. Sauti ya msemaji hutumwa ikiwa kinyume katika nyaya hizo: mmoja unapopanda, mwingine hushuka, na tofauti yao huwa kubwa. Kelele inayotoka nje, kwa mfano uga wa sumaku wa kebo nene ya mota iliyopita kando, huzipanda nyaya zote mbili kwa pamoja na kwa kiasi kilekile. Mpokeaji anapotoa moja kutoka kwa nyingine, kelele hubaki sifuri. Msokoto husaidia kwa sababu kila baada ya sentimita chache nyaya hubadilishana nafasi, hivyo hakuna hata mmoja unaokaa karibu na chanzo cha kelele kwa njia yote.

Sifuri kamili haipatikani, na tofauti ndogo huonekana haraka. Tuseme umeme wa jirani umeingiza volti 2 kwenye kila waya. Nyaya zikiwa sawa, hakuna atakayejua. Zikitofautiana kwa asilimia 1 tu, milivolti 20 hubaki kama mvumo. Sauti ya kawaida kwenye laini ikiwa volti 1.5, mvumo huo uko desibeli 37 hivi chini yake, na mtu akiwa kimya huusikia kwa mbali. Tofauti ikifika asilimia 10, mvumo ni milivolti 200, desibeli kama 17 tu chini ya sauti, na hapo mazungumzo ya muda mrefu huchosha masikio. Kinachoharibu usawa huo kwa kawaida ni kitu kidogo: skrubu iliyolegea upande mmoja, unyevu ulioingia kwenye boksi la maungio, ganda la waya lililochubuliwa na ncha ya bati. Kwenye viwanda vya pwani, kama vya Tanga, Dar es Salaam au Mombasa, hewa ya chumvi huifanya shaba iote kutu ya kijani ndani ya boksi ambalo mpira wake wa kuziba umekauka, na kutu hiyo hailiki nyaya zote mbili kwa kasi moja.

Lipo kosa jingine linalostahili kuelezwa kwa kirefu, kwa kuwa hupita majaribio mengi bila kugunduliwa. Ndani ya kebo yenye jozi sita, kila jozi imesokotwa peke yake, na kwa kawaida kila moja ina urefu wake wa msokoto ili mazungumzo ya jozi moja yasivujie nyingine. Fundi anayeunganisha kwa haraka, au kwa mwanga hafifu, anaweza kuchukua waya mmoja kutoka jozi ya bluu na mwingine kutoka jozi ya machungwa, akaziita laini ya pili. Akirudia rangi zilezile upande wa pili wa kebo, mita itaonyesha kwamba waya umefika, haujakatika na haujagusana na mwingine. Kila kitu kitaonekana sahihi. Lakini nyaya hizo hazikusokotwa pamoja, kila mmoja umesokotwa na mwenzake wa laini nyingine. Kelele haziwezi tena kufutana, na watu walio kwenye laini ya pili wataanza kusikia ya laini ya tatu. Mafundi wengine hudhani amplifaya zimeharibika na kuanza kuzibadilisha moja baada ya nyingine. Dawa ni kufungua kila boksi na kufuata msokoto kwa macho na kwa vidole hadi ndani ya ganda la kebo, bila kuamini rangi peke yake.

Kava ya foili inayoizunguka kebo nayo ina sheria yake. Huunganishwa na athi upande mmoja tu, na katika kila boksi huendelezwa kutoka kebo hadi kebo bila kugusa chuma cha boksi. Ikiunganishwa na athi pande zote mbili za kiwanda, huwa njia ya mkondo, kwa sababu ardhi ya jengo la boila na ardhi ya jengo la pampu mara chache huwa na volti sawa. Mkondo huo wa hezi 50 hupita mita mia kadhaa kando ya nyaya za sauti, na ngao iliyowekwa kuzuia kelele hugeuka kuwa mlango wake.

Maana ya pili ya kusawazisha, yaani mzigo wa laini, ndiyo inayoupa mfumo huu tabia yake. Katika mfumo wa Page/Party kila laini hupangwa ionekane kama ukinzani wa omu 33. Amplifaya ya mkono wa simu huweka volti takriban 1.5 juu ya mzigo huo, nguvu isiyofika hata sehemu moja ya kumi ya wati. Nguvu ndogo kama hiyo hutosha kwa sababu kazi ya laini ni kupeleka ujumbe kwa amplifaya za spika, nazo ndizo zinazotoa wati za kutikisa hewa. Kuchagua ukinzani mdogo namna hii kuna faida: kelele zinazoruka hewani hadi kwenye waya hukuta njia rahisi ya kumalizika, na vituo vinavyoongezwa havibadilishi sana hali ya laini, kwa kuwa kila kituo kinachosikiliza hujiunga na laini kwa ukinzani mkubwa na kunyonya mkondo kidogo sana.

Kifaa kinachoweka omu hizo 33 huitwa kisawazishi cha laini. Ni boksi dogo lenye rezista, moja kwa kila jozi, zinazorekebishwa kwa bisibisi. Huhitajika kisawazishi kimoja kwa mfumo mzima. Haja ya kukirekebisha inaonekana kwa hesabu. Ikichukuliwa kwamba kila kituo kina ukinzani wa omu 10,000 na vituo viko 100, kwa pamoja vinaonekana kama omu 100 zilizounganishwa sambamba na kisawazishi. Kisawazishi kikiachwa kwenye omu 33, laini nzima itakuwa kama omu 25. Ili jumla irudi kuwa 33, kinatakiwa kipandishwe hadi karibu omu 49. Kiwanda chenye vituo kumi kingehitaji marekebisho madogo tu. Kwa hiyo namba sahihi ya kisawazishi haiandikwi kwenye kitabu. Hupatikana palepale, vituo vyote vikiwa vimeunganishwa.

Mahali pa kukiweka napo pana uzito. Silika ya mtu aliyezoea kebo za kompyuta ni kukiweka mwishoni mwa laini. Kwenye intakomu hiyo si sahihi, kwa sababu katika masafa ya maongezi, hezi 300 hadi 3,400, mawimbi ni marefu mno kulinganisha na kiwanda, na suala la mwangwi kurudi kutoka mwisho wa kebo halipo. Linalosumbua ni ukinzani wa shaba yenyewe. Waya wa shaba wa milimita 1 ya mraba una takriban omu 18 kwa kilomita, na kwa kuwa mkondo huenda na kurudi, jozi ya mita 500 ina omu 18 pia. Kituo kilicho mita 500 kutoka kwenye kisawazishi hukuta njia ya omu 18 kabla ya mzigo wa 33, na thuluthi moja ya volti hubaki njiani. Kisawazishi kikiwa pembeni kabisa ya kiwanda cha kilomita moja, ukinzani huo wa njia huongezeka maradufu kwa walio upande wa pili, na zaidi kidogo ya nusu ya volti hubaki njiani. Kikiwekwa katikati, kwa hesabu ya urefu wa kebo wala si kwa kuangalia ramani, kila upande hubeba nusu ya ukinzani huo. Kwa umbali mkubwa zaidi tiba ni waya mnene.

Kazi yenyewe ya kusawazisha huanza umeme ukiwa umezimwa, swichi imefungwa kwa kufuli na kibao kimetundikwa, maana ndani ya boksi lilelile la kituo mna nyaya za sauti zisizo na madhara na nyaya za umeme wa kuua. Amplifaya huchomolewa kutoka kwenye vituo vyote. Kila jozi hupimwa kama imefika mwisho, kama ina shoti, kama imegusa jozi nyingine au athi. Kipimo cha ganda la waya kwa volti 500 hufanywa wakati huu tu, kwani amplifaya ikisahauliwa kwenye laini, kipimo hicho huiua. Ni hatua inayochosha, hasa kwenye kiwanda chenye maboksi mia, lakini kila hitilafu inayopatikana hapa ingegharimu mara kumi baadaye.

Vituo hurudishwa, kisawazishi huunganishwa, umeme huwashwa. Kabla ya mtu yeyote kusema, laini hupimwa ikiwa kimya: volti ya mkondo geu kati ya waya wa kwanza na athi, kisha wa pili na athi. Namba hizo mbili zinatakiwa zifanane. Moja ikiwa volti 0.8 na nyingine 0.2, usawa umeshavunjika na hakuna urekebishaji wa kisawazishi utakaouponya. Ni lazima laini ikatwe nusu kwa nusu, boksi la katikati lifunguliwe, na upande wenye hitilafu ufuatwe hadi ipatikane.

Laini ikishakuwa tulivu, toni ya hezi 1,000 huingizwa kupitia kituo kimoja cha karibu na kisawazishi, mkono wa simu mmoja tu ukiwa umenyanyuliwa, na bisibisi huzungushwa hadi mita isome volti 1.5. Kila laini, ya matangazo na za mazungumzo, hupangwa peke yake. Mita za bei nafuu zimetengenezwa kwa ajili ya umeme wa hezi 50 na nyingi husoma vibaya toni ya hezi 1,000, kwa hiyo mita inayofaa sauti ni ya lazima. Vilevile kupima omu za laini kwa mita ya kawaida wakati vituo vimeunganishwa hakutoi jibu la kuaminika, kwa sababu mita hiyo hutumia mkondo mnyoofu, na transfoma na kapasita zilizomo vituoni humwonyesha mpimaji namba tofauti na ile sauti inayoikuta. Baada ya hapo toni huhamishiwa kwenye vituo vya mbali kabisa, pande zote, na volti huandikwa. Tofauti ya desibeli 2 au 3 huvumilika, lakini ikizidi hapo kisawazishi hakiko katikati au waya ni mwembamba.

Kisawazishi kinapokosewa, dalili zake hujieleza zenyewe. Kila mkono wa simu una saketi inayompunguzia msemaji sauti yake mwenyewe isimrudie sikioni kwa nguvu, na saketi hiyo imepangwa kwa omu 33. Kiasi kidogo hurudishwa kwa makusudi, kwa kuwa mtu asiyejisikia kabisa hupiga kelele, na anayejisikia mno hunong'ona bila kujua. Kisawazishi kikikatika, laini huwa nyepesi, volti hupanda, sauti ya msemaji humrudia kwa wingi, hutoka sikioni na kuingia tena kwenye maikrofoni, na mluzi ule unaojulikana kwa kila aliyehudhuria harusi yenye spika mbaya husikika kiwanda kizima. Visawazishi vikiwa viwili, jambo la kawaida baada ya upanuzi ambapo mkandarasi mpya alileta chake bila kuuliza, laini hubaki na omu 16.5, na sauti huwa dhaifu kila mahali. Kosa la kusikitisha ni lile linalofuata: badala ya kutafuta kisawazishi cha pili, watu hupandisha sauti ya kila spika. Mvumo nao hupanda pamoja na maneno, na hali huwa mbaya kuliko mwanzo.

Spika hupangwa mwisho, laini ikiwa imeshakuwa sahihi, na kelele ya kila eneo ikiwa imepimwa mashine zikifanya kazi. Kiwango kinachotafutwa kwa kawaida ni desibeli 10 hadi 15 juu ya kelele ya eneo. Spika ya pembe inayotoa desibeli 106 kwa wati moja katika umbali wa mita moja, ikipewa wati 10, hutoa 116. Kila umbali unapoongezeka maradufu hupungua desibeli 6, hivyo mita 8 mbele yake zimebaki 98. Kiwango hicho kinachotosha kwa eneo la desibeli 85 hakitoshi kando ya tabaini. Kuongeza nguvu maradufu huongeza desibeli 3 tu, ongezeko ambalo sikio hulitambua kwa shida, ilhali kuongeza spika ya pili karibu na wafanyakazi huleta tofauti kubwa. Spika nyingi za wastani hueleweka kuliko chache zinazonguruma, kwani zile za mbali hutoa mwangwi unaopanda juu ya silabi inayofuata.

Spika iliyo karibu na msemaji hunyamazishwa yenyewe mara kitufe cha tangazo kinapobonyezwa, la sivyo ingepiga mluzi. Mahali ambapo vituo viwili viko hatua chache, waya wa ziada hufungwa ili kimoja kikitangaza spika ya jirani nayo inyamaze. Maikrofoni ya mkono wa simu iko wazi pande zote mbili: kelele ya mbali huipiga mbele na nyuma kwa pamoja na kujifuta, kama zilivyo nyaya mbili za laini. Sauti ya mdomo huipiga upande mmoja tu, mradi midomo iwe karibu, upana wa kidole au viwili. Mfanyakazi anayeshika mkono wa simu mbali na mdomo, akidhani anaepusha uchafu, huifanya maikrofoni imhesabu yeye pia kuwa kelele, na hakuna kisawazishi kinachoweza kulirekebisha hilo. Maelekezo hayo hutakiwa yatolewe kwa kila anayeanza kazi, kwa lugha anayoizungumza kila siku.

Kiwanda kikikua, mfumo hugawanywa au huunganishwa. Majengo mawili yenye intakomu zake yanaweza kuhitaji kusikilizana wakati wa dharura na kutengana wakati wa kazi za kawaida. Yakiunganishwa kwa kufunga nyaya moja kwa moja, visawazishi viwili hukutana na tatizo la omu 16.5 hurudi. Kwa hiyo huwekwa kifaa cha kuunganisha na kutenganisha, ambacho huhakikisha kwamba jumla ya mzigo hubaki ileile katika hali zote mbili: mifumo ikiwa pamoja, kisawazishi kimoja huondolewa kwenye laini, ikitengwa, hurudishwa. Kila badiliko la namna hiyo, pamoja na kila kituo kinachoongezwa au kutolewa, huandikwa kwenye daftari la mfumo pamoja na volti ya kila laini, mahali kisawazishi kilipo na tarehe ya kupimwa, ili fundi wa zamu atakayekuja baada ya miaka mitano ajue laini ilikuwaje ilipokuwa nzima.